Mgonjwa Mmoja, Milango Minne

Mwaka 2018 Rwanda ilifanya utafiti wa afya ya akili nchi nzima, na katika lundo la takwimu zake kuna mbili ambazo zingepaswa kutukosesha usingizi sisi tunaoishi Kigali. Watu 61.7 katika kila 100 walisema wanajua mahali pa kupata msaada wa afya ya akili. Waliosema wamewahi kuufuata ni 5.3. Ukiniambia kwamba wengine walikuwa wazima na hawakuwa na haja nao, nitakubali. Lakini utafiti huohuo ulikuta mtu mmoja katika kila watano ana tatizo la akili linalotambulika kitabibu, na miongoni mwa manusura wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi idadi hiyo ilivuka nusu, asilimia 52.2. Sonona peke yake ilikutwa kwa asilimia 12 ya watu kwa jumla, na kwa asilimia 35 ya manusura.

Kwa hiyo tatizo letu si matangazo. Redio zimesema na kusema tena, na wahudumu wa afya wa vijiji, ambao ni karibu 60,000 nchi nzima, wamechaguliwa na majirani zao na wanaingia majumbani. Watu wanajua. Kinachowakalisha nyumbani ni kitu kingine.

Jibu linalotolewa haraka ni aibu, nami sitalikana. Mtoto wa Kigali akitaka kumtania mwenzake humwambia atapelekwa Ndera. Ndera ni hospitali ya magonjwa ya akili iliyo pembezoni mwa jiji, wilaya ya Gasabo. Ilianzishwa na shirika la watawa, Mabruda wa Upendo, ikaanza kupokea wagonjwa mwaka 1972, na kwa miaka mingi ilikuwa ndiyo mahali pekee pa kumpeleka mtu aliyepotewa na akili. Mwaka 1994 wauaji waliingia humo na kuwaua wagonjwa pamoja na watu waliokimbilia ndani ya kuta zake. Jina lenye historia nzito namna hiyo haliwezi kusafishwa kwa kampeni ya wiki moja. Hata hivyo nadhani tunailaumu aibu kupita kiasi, kwa sababu ukishailaumu, kosa linakuwa la mgonjwa. Mimi nasema wengi hawarudi kwa sababu wanapokwenda wanakatwa vipande, na kila ofisi inachukua kipande chake.

Tuseme kuna mukecuru, yaani mama mzee, wa miaka sitini na ushei anayeishi Kicukiro. Asubuhi anakwenda kituo cha afya. Muuguzi ni kijana aliyezaliwa baada ya 1994, mpole, na nje benchi zimejaa.

"Mukecuru, unaumwa nini leo?"

"Kichwa, mwanangu. Kichwa kisichopona."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani."

Anaandikiwa parasetamo. Angeulizwa habari ya usingizi angesema anaamka saa tisa usiku kila siku, anakaa kitandani hadi kupambazuke huku moyo ukimwenda mbio. Angeulizwa anakula na nani, angesema hali na mtu. Angeulizwa kuhusu shamba, angeeleza mgogoro wa mpaka na mtu ambaye kaka yake alihukumiwa kwa kuua nyumbani kwake. Hayo yote ndiyo kichwa kisichopona. Lakini dawa inatoka mlango huu, mshauri nasaha yuko mlango mwingine baada ya mabasi mawili, suala la shamba liko ofisi ya kata, na mlango wa nne ni wa kanisani, ambako angalau watamshika mkono. Kati ya milango minne, haishangazi kwamba anaupenda ule wa nne.

Tiba ya mtu mzima, yaani mtu kwa ukamilifu wake, kama inavyoitwa na wataalamu wanaoifuata, maana yake ni kuukataa mgawanyo huo. Mtaalamu wa saikolojia anayeifanya kwa uaminifu haulizi dalili tu. Anauliza mwili unasemaje, usiku unapitaje, jirani ni nani, deni ni kiasi gani, Mungu yuko wapi katika habari hii, na mwezi gani wa mwaka huwa mgumu. Kisha anahakikisha majibu hayo yanafanyiwa kazi na watu wanaojuana. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu siku hizi jina hili limeanza kupakwa manukato. Mafuta ya kunukia na muziki wa maji yanayotiririka havina ubaya, ila mtu akiviuza kama tiba ya sonona kali, anamchelewesha mgonjwa ambaye huenda hana muda wa kucheleweshwa.

Rwanda ilipata mwalimu mzuri wa njia hii. Dkt. Naasson Munyandamutsa, aliyezaliwa mwaka 1958, alikuwa Geneva akijifunza tiba ya magonjwa ya akili wakati jamaa zake wengi wanauawa nyumbani. Angeweza kubaki Uswisi na hakuna ambaye angemlaumu. Alirudi katika nchi ambayo haikuwa na daktari mwingine wa fani yake, akafanya kazi Ndera, akafundisha wauguzi na wanasaikolojia, akaingia pia katika taasisi za utafiti na mazungumzo ya amani, kwa sababu aliona kwamba huwezi kuutibu moyo wa mtu ukauacha mtaa wake unaungua. Yeye na wenzake walipima watu 1,000 miaka 14 baada ya mauaji, wakakuta asilimia 26.1 wana dalili za ugonjwa wa kiwewe. Alifariki mwaka 2016. Alichokipanda kimeota: huduma za akili zimeshushwa hadi hospitali za wilaya, jambo ambalo nchi nyingi tajiri kuliko yetu hazijalifanya, nami najivunia.

Na wapo waliojua kuanzia mwilini. Wanawake waliobakwa mwaka 1994, wengi wao wakaambukizwa virusi vya UKIMWI, waliishi miaka na mwili ambao hawakutaka kuugusa. Kigali, shirika la WE-ACTx, lililoanza kazi mwaka 2004, liliwapa matibabu ya virusi. Baadaye, kupitia mradi ulioitwa Project Air, baadhi yao walitandikiwa mikeka wakafundishwa yoga. Najua kuna watakaoguna. Lakini fikiria mwanamke ambaye kwake kulala chali tu ni kumbukumbu ya kifo. Kumfundisha kuvuta pumzi polepole, akiwa na wenzake, mlango ukiwa wazi na yeye mwenyewe akiamua lini asimame, ni kumrudishia umiliki wa kitu alichonyang'anywa. Penye huduma hizo palikuwa pia na ushirika wa ushonaji uitwao Ineza. Kidonge, pumzi na cherehani kwa mwanamke mmoja. Sijui tiba iliyo nzima zaidi ya hiyo.

Kuhusu majirani, tunayo kazi ambayo dunia inakuja kujifunza kwetu. Mwaka 2005, Byumba, kaskazini mwa nchi, dayosisi ya Anglikana pamoja na wataalamu kutoka Uholanzi walianzisha tiba ya kijamii ambayo Wanyarwanda wanaiita Mvura Nkuvure, yaani nitibu nikutibu. Watu kumi hadi kumi na watano wa mtaa mmoja hukutana mara moja kwa wiki kwa wiki 15, kwa saa kama tatu. Katika duara moja unaweza kumkuta mjane wa mauaji, mke wa mfungwa, na mtu aliyetoka gerezani. Hawaanzi na yaliyotokea. Wanaanza na usalama: tukae vipi hapa, nani azungumze, tukikasirika tufanyeje. Baada ya usalama huja kuaminiana, kisha kujaliana, kisha heshima, kisha namna mpya ya kuishi, na kumbukumbu huja mwishoni. Mpangilio huo una hekima kubwa. Mtu hafungui jeraha mbele ya watu ambao bado hajui kama watamcheka.

Tena anayeongoza duara si daktari. Ni mtu wa hapohapo aliyefunzwa, anayejua nani hasemezani na nani na kwa nini. Watafiti waliofuatilia washiriki 100 wa Byumba na kuwalinganisha na wengine 100 wasioshiriki walichapisha matokeo yao mwaka 2011, wakaonyesha kwamba hali ya akili ya walioshiriki ilikuwa imepata nafuu. Na kuna faida ambayo haiingii kwenye dodoso. Mjane akipungukiwa chumvi anajua kwa nani atatuma mtoto. Mtu aliyekuwa anapitia njia ya nyuma ili asionane na fulani anaanza kupita njia kuu. Miaka hii, ambapo waliohukumiwa vifungo virefu wanamaliza na kurudi mitaani, jambo hilo lina uzito kuliko tunavyolisema hadharani.

Hapa lazima niwageukie wale ninaokubaliana nao nusu. Mwandishi wa Marekani Andrew Solomon amesimulia mara nyingi jinsi Mnyarwanda mmoja alivyomweleza kuhusu washauri wa kizungu waliokuja baada ya vita, wakawatoa watu juani, mbali na ngoma na wenzao, wakawafungia mmoja mmoja katika vyumba vidogo wasimulie mabaya yaliyowapata, hadi wakaombwa waondoke. Kisa hicho kimezunguka dunia nzima, na wengi wanakipenda kwa sababu kinatupa sisi sifa. Kina ukweli wake. Hatari yake ni pale kinapotumiwa kusema kwamba Mwafrika hahitaji kukaa na mtaalamu na kusimulia lililompata, kwamba ngoma na jua vinamtosha.

Havimtoshi, angalau si kila mtu. Susanne Schaal na wenzake walichapisha mwaka 2009 jaribio dogo walilofanya na yatima 26 wa mauaji, wote wakiwa na ugonjwa wa kiwewe. Kundi moja lilipewa tiba ya kikundi inayoshughulikia mahusiano na maisha ya sasa. Kundi jingine, kila mmoja peke yake na mtaalamu, walisimulia maisha yao kwa mfuatano, tangu kuzaliwa, wakapita katikati ya siku zile mbaya hatua kwa hatua hadi kuzifanya zipate mwanzo na mwisho. Baada ya miezi sita, asilimia 71 ya kundi la kwanza walikuwa bado wana ugonjwa. Katika kundi la pili walikuwa asilimia 25. Jaribio la watu 26 halifungi mjadala, lakini linatosha kunizuia kusema kwamba jirani mwema anatibu kila kitu. Sonona ni habari nyingine. Katika vijiji 30 vya kusini-magharibi mwa Uganda, utafiti wa Paul Bolton na wenzake wa mwaka 2003 ulionyesha tiba ya kikundi ya wiki 16 ikishusha kiwango cha sonona kali kutoka asilimia 86 hadi 6.5, huku vijiji visivyopata tiba vikibaki na zaidi ya nusu ya wagonjwa wao. Kikundi kinaweza kumwinua aliyezama. Anayekabwa na picha za usiku mmoja wa Aprili huenda anahitaji pia chumba, mtaalamu na simulizi. Mtu mzima anahitaji vyote viwili, na mtaalamu mzuri hujua lini aanze na kipi.

Kusimulia bila matunzo nako kunaumiza, na sisi tuna ushahidi wetu. Gacaca, mahakama za kijamii za kesi za mauaji ya kimbari zilizofungwa Juni 2012, zilisikiliza kesi zipatazo milioni mbili, na bila hizo magereza yetu yangekuwa bado yamefurika watu wasiohukumiwa. Lakini Karen Brounéus, katika utafiti wa watu 1,200 uliochapishwa mwaka 2010, alikuta waliotoa ushahidi wana sonona na kiwewe zaidi ya wasiotoa. Mwanamke alisimama kwenye nyasi mbele ya kijiji kizima, akasema lililofanywa na nani alilifanya, kisha akarudi nyumbani kwake peke yake, jioni hiyohiyo, kwenye nyumba inayotazamana na ya ndugu wa mshtakiwa. Alitupa ukweli wake nasi tukauchukua. Deni hilo bado tunalo.

Kuhusu dawa nitasema kwa ufupi, maana halipaswi kuwa na ubishi. Sonona kali ni ugonjwa, na vidonge vinavyotolewa na kufuatiliwa vizuri vimewaokoa watu waliokuwa wamekwisha kuaga moyoni. Kuhusu sala, mtaalamu anayemdharau imamu wa Biryogo au mchungaji wa Gikondo amejifungia mlango mwenyewe, kwani hao ndio wanaopigiwa simu usiku wa manane. Ninachowaomba viongozi wa dini ni kimoja, nakiomba kwa unyenyekevu na bila kuzunguka: msimwambie mtu aache dawa ili aonyeshe imani.

Kisha kuna kalenda. Mtaalamu wa Kigali asiyeitazama kalenda hajui kazi yake. Aprili inapokaribia, mvua za masika, harufu ya udongo uliolowa na redio zilizobadili muziki hufanya kazi mwilini kabla ya mtu kukumbuka lolote kwa maneno. Tarehe 7 Aprili 2014, katika uwanja wa Amahoro ambao miaka ishirini nyuma ulikuwa kimbilio la maelfu, vilio vilianza upande mmoja na kupokewa upande mwingine, na wahudumu waliovaa vizibao wakawa wanawabeba watu kuwatoa nje, mmoja baada ya mwingine. Pumzi ya mtu inakatika, anakimbia palipo na ukuta, anasema wanakuja. Kwake wakati huo wanakuja kweli. Darius Gishoma, mwanasaikolojia aliyeandika kuhusu watu wa namna hii na baadaye akasimamia afya ya akili katika Kituo cha Biomedikali cha Rwanda (RBC), alijaribu na wenzake tiba ya kikundi iliyotungwa mahsusi kwa ajili ya mishtuko ya kipindi hicho. Hilo ndilo ninalolitaka: maandalizi yaanze Februari, mgonjwa na mshauri wapange pamoja atakwenda kwenye ukumbusho wa Gisozi au hatakwenda, na nani, akae upande gani, akizidiwa amshike nani mkono. Mwaka 2020, tulipofungiwa ndani kwa sababu ya korona na kukumbuka wafu wetu kupitia televisheni, tuliona kwamba kilichokuwa kinawashikilia wengi ni bega la aliyekaa jirani.

Wala tusidhani ni habari ya wazee. Nader Perroud wa Geneva pamoja na Profesa Léon Mutesa na Eugène Rutembesa wa hapa nyumbani walichapisha mwaka 2014 uchunguzi wa wanawake 25 waliopitia mauaji wakiwa wajawazito, pamoja na watoto wao, wakiwalinganisha na wengine ambao mimba zao hazikuwa Rwanda wakati huo. Walikuta tofauti katika jinsi jeni moja inayohusika na msongo inavyodhibitiwa, kwa akina mama na kwa watoto. Ni watu wachache na haifai kumwambia kijana kwamba hatima yake imeandikwa kwenye damu. Ila kijana wa Remera anayeshikwa na wasiwasi asioujua chanzo chake anastahili mtaalamu atakayeuliza pia nyumbani kwao kulikuwa na ukimya wa aina gani.

Utasema haya yote yanahitaji nchi tajiri. Nakupeleka Kacyiru. Julai 2009, katika hospitali ya polisi, kilifunguliwa kituo cha Isange kwa ajili ya waliofanyiwa ukatili wa kijinsia au wa nyumbani. Aliyepigwa au kubakwa anaingia mlango mmoja. Daktari yumo, mwanasaikolojia yumo, polisi yumo, msaada wa kisheria umo, na halipi. Hatakiwi kurudia habari yake kwa kila dirisha. Sasa vituo hivyo vimezidi 40, karibu kila hospitali ya wilaya. Ng'ambo ya Ziwa Kivu, Bukavu, Dkt. Denis Mukwege amejenga hospitali ya Panzi tangu 1999 juu ya nguzo nne: tiba ya mwili, tiba ya nafsi, sheria na kipato. Kama tumeweza kukiweka chini ya paa moja kila anachohitaji mtu aliyeumizwa jana, kwa nini yule aliyeumizwa miaka thelathini iliyopita, au ambaye sonona imemkamata bila kuumizwa na mtu, azungushwe mji mzima na bahasha mkononi?

Ninachopendekeza hakihitaji jengo jipya. Kila kituo cha afya Kigali kiwe na siku maalumu katika wiki ambapo muuguzi wa afya ya akili, mwanasaikolojia wa wilaya, afisa wa ustawi wa jamii kutoka kata na mwongozaji wa Mvura Nkuvure wanakaa mahali pamoja, na mukecuru wetu wa Kicukiro akutane nao wote bila kupanda basi la pili. Washauri nao wawe na mtu wa kuwasikiliza, kila mwezi, kwa ratiba. Wengi wao ni manusura au watoto wa manusura, wanabeba ya kwao na ya wengine, na tunawaita kila Aprili kama wazima moto kisha tunawasahau Julai.

Na saa ya mazungumzo ihesabiwe kuwa tiba. Leo muuguzi akimpa mgonjwa dakika 45 za kusikilizwa, foleni nje inaongezeka na daftari lake linaonyesha amehudumia watu wachache kuliko mwenzake aliyegawa parasetamo. Bajeti ya serikali husomwa Juni na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Nawaomba wabunge wetu, wakifika kwenye kurasa za afya, watafute mstari wa mazungumzo: bei yake katika bima ya jamii, mshahara wa anayeyafanya, na nauli ya anayeyafuata.